Maswali ya Ignasi

Baridi ya Juni ilimpeleka Atuganile sokoni Sumbawanga kutafuta sweta. Akamkuta Ignasi juu ya rundo la mitumba, kavaa koti refu lenye vifungo vya shaba, anapiga kelele kuliko wenzake wote.

"Hili limetoka Ujerumani, mwalimu," alisema, akimpimia sweta jekundu mabegani.

"Umejuaje mimi mwalimu?"

"Una chaki kwenye mkono wa gauni. Unafundisha nini?"

"Historia."

Ignasi, aliyeishia darasa la saba, akasahau kutaja bei. "Basi niambie. Watoto wa Ujerumani wanafundishwa kwamba babu zao walitutawala? Na Wajapani, habari za vita wanasimuliaje darasani?"

Atuganile alicheka sana. Akalinunua sweta, akaondoka. Jumamosi alirudi na nusu ya jibu, akakuta maswali mengine kumi yanamngoja.

Kabla mwaka haujaisha, Ignasi akataka kumuoa.

"Nipeleke kwanza kwenu Mpui," alisema Atuganile. "Nitakujibu hukohuko."

Mama yake Ignasi alimpokea kwa ugali wa ulezi. Lakini baba, mzee Timoth, alipoingia tu, Atuganile alijifunika kitenge usoni, akakimbilia jikoni, akabaki nyuma ya mlango hadi mzee alipotoka. Hata shikamoo hakutoa.

Wakirudi kwa pikipiki, Ignasi alifoka. "Baba yangu ananuka? Ulisema utanijibu huko. Jibu nimeliona."

"Kama hilo ndilo uliloliona, haya." Walipofika Katandala, mtaani kwake, Atuganile akashuka kwenye pikipiki, asigeuke.

Wiki mbili Atuganile hakupokea simu. Ya tatu akapokea.

"Nimejaza fomu ya uhamisho, Ignasi. Narudi kwetu Rungwe."

"Kwa neno moja tu, mpenzi?"

"Umeniuliza ya Wajerumani, ya Wajapani, hadi Wahindi wanavyozika. Ya kwetu hujauliza hata siku moja."

"Nauliza sasa. Kwa nini ulimkimbia baba?"

"Bibi aliyenilea alinifunza hivi: baba mkwe hatazamwi usoni, wala haamkiwi. Unampisha. Mzee mwingine ningempa shikamoo. Yule nilimkimbia kwa sababu nilikuwa nimekukubali."

Jumapili Ignasi alimleta baba yake Katandala. Njia nzima mzee alisema mara moja tu: "Na wewe ukamtukana."

Walipofika kwa Atuganile, mzee akageuza kiti barazani, akaupa mlango mgongo. "Mwambie nimekuja," alisema. "Na simtazami."

Mlango ulifunguka kidogo. Mkono wenye sweta jekundu ukasukuma kikombe cha chai sakafuni hadi nyuma ya kiti, ukarudi ndani upesi. Chini ya kikombe, ikiwa imekunjwa mara nne kama kisahani, ilikuwapo fomu ya uhamisho.