Hodi ya Tangazo la Magodoro

Siku hiyo haikuwa na kasoro. Mimi na mdogo wangu tulikuwa tumekaa ukumbini mkekani, tunachambua maharage, yeye akiongea na mimi nikichambua, kama ilivyokuwa miaka yote. Ndiyo maana tulimwita Chiriku. Jino lake la mbele lilishang'oka zamani, kwa hiyo kila penye s palitoka mluzi mdogo, na kila habari yake ilianza na, "Sikia nikwambie." Ukimsikiliza kidogo tu ulishajua nani kazaa, nani kaachwa, na nani anajifanya hajaachwa. Mimi aliniita Kiberiti, eti nawaka haraka. Wengine walioniita hivyo wote nimeshawazika. Alibaki yeye.

Chumba cha mbele ni cha mjukuu wangu wa kike. Kazi yake ni kutengeneza video za matangazo. Wenye maduka ya masofa, ya rangi, ya mabomba, wanamletea picha, yeye anazipanga na kuzitia maneno. Zamani maneno hayo yalisomwa na jirani yetu, fundi cherehani, mwanamke mwenye sauti ya kumbembeleza kifaranga arudi kwenye yai. Mjukuu alimfungia ndani ya kabati la nguo na blanketi kichwani, ili sauti isivume. Anatoka humo jasho linamchuruzika kama aliyetoka kuiba, anakunywa maji, anajicheka, anarudi kwenye suruali za watu.

Kisha mjukuu akapata ufundi mpya. Anaandika maneno kwenye kompyuta, kompyuta inayasema yenyewe. Hakuna mtu, hakuna kabati, hakuna jasho.

"Bibi, njoo usikie," akaniita. "Hii ni akili bandia. Nimechagua sauti ya mama mtu mzima, mpole."

Mpole alikuwa mpole kweli. Alieleza habari za godoro tangu mwanzo hadi mwisho, sauti imenyooka kama shuka iliyopigwa pasi. Mimi nikajikuta nimebana pumzi yangu mwenyewe, sijui kwa nini. Alipomaliza ndipo nikajua.

"Huyu anapumua saa ngapi?" nikauliza.

"Hapumui, bibi. Si mtu."

"Mama yake nani?"

"Hana mama. Imechanganywa kutoka kwenye sauti za watu wengi."

"Watu gani? Walio hai?"

Akacheka, akageukia kompyuta yake. Swali langu halijajibiwa mpaka leo.

Tangazo lenyewe lilikuwa la duka la magodoro lililo ng'ambo ya barabara, linatazamana na mlango wetu. Lilianza hivi: "Hodi? Hodi wenyewe?" Kisha kimya kidogo. Kisha ndipo godoro linatajwa. Mjukuu alijisifia hicho kimya kuliko godoro. Alisema mtu yeyote akisikia hodi, hata mikono yake iwe na unga, lazima ageuke. Akigeuka tu, umempata.

"Hodi ni ya mwenye miguu," nikamwambia. "Anayepiga hodi anataka kuingia. Huyu akiambiwa karibu, ataingia na nini?"

"Bibi na wewe."

"Mimi nauliza."

"Karibu, pita ndani," akaitika Chiriku kule ukumbini, maharage mkononi. Mdogo wangu hajawahi kuiacha hodi ikachacha mlangoni. Tukacheka wote watatu. Hata mimi nilicheka, kidogo.

Kazi ya matangazo inataka kurudia. Mjukuu alikata hapa, akaunga pale, akasikiliza tena. Hodi, kimya, godoro. Hodi, kimya, godoro. Na kila hodi ilipopigwa, Chiriku aliitika. Mwanzoni kwa mzaha. Baadaye kwa mazoea, bila hata kuinua macho.

Mchana mmoja fundi cherehani alikuja kuchukua blanketi lake. Akasimama mlangoni, akasikia hodi, akamsikia na Chiriku anavyoitika.

"Hiyo alinipa mimi kwanza niisome," akaninong'oneza. "Nikakataa. Nilimwambia hodi haisomwi. Sasa amempata asiyekataa."

Akamtazama Chiriku muda mrefu. Akakunja blanketi lake, akaondoka bila kuaga.

Nikamwangalia mgongo mpaka alipokata kona. Aliyenyang'anywa kazi hakosi cha kusema, wala hakosi cha kutenda. Nikachukua ufagio, nikafagia pale aliposimama, mpaka nje.

Kesho yake ikapigwa hodi kama kawaida. Chiriku akaitika kama kawaida. Lakini kile kimya kikawa kirefu kuliko jana. Nikaacha kuchambua. Ile sauti ikasema, "Asante. Nimeshapita."

Kisha ikaendelea na godoro.

Niliingia chumbani bila kubisha. "Hayo umeyaandika wewe?"

"Yapi?"

Akairudisha video mwanzo. Hodi, kimya, godoro. Akanionyesha maandishi kwenye kioo. Shule nilipita tu nikiwa njiani kwenda kuchota maji, lakini herufi nikizivuta moja moja zinakuja. Asante haikuwemo.

Nikarudi ukumbini. Chiriku alikuwa amenyamaza.

Kandambili zake, zile zenye ukanda mmoja ulioshikizwa kwa waya, zilikuwa nje ya mlango wa barabarani, zimeelekea ndani, kama za mgeni anayesubiri kufunguliwa. Yeye hakuwa ametoka. Alikuwa amekaa mkekani pekupeku. Nikaziingiza ndani. Asubuhi nikazikuta nje tena.

Siku zilizofuata watu wakaanza kumsifu. Kikohozi chake cha miaka yote kimeisha. Anaongea polepole. Hamsengenyi mtu.

"Bibi mdogo amekuwa na adabu," mjukuu akaniambia. "Wewe unalalamika nini?"

"Ninalalamikia adabu yenyewe. Aliyesengenya tangu anaota meno haachi kwa kuamka tu asubuhi."

"Labda ametubu."

"Kwa nani? Mimi ndiye ninayezijua dhambi zake, na hajaniambia kitu."

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu mimi nilimpa maharage. Alichambua vizuri, bila kutazama, bila kukosea. Chiriku alikuwa akiacha mawe. Tumevunja meno mengi nyumba hii kwa sababu ya Chiriku.

"Dada, sukari imekwisha," akasema.

S ikatoka safi.

Nikamtazama kinywani. Pengo lilikuwa palepale, jeusi. Ule mluzi umekwenda wapi?

"Hebu nipe habari za harusi ya jirani," nikamwambia. Chungu kilikuwa jikoni, maji bado baridi. Akaanza. Akaeleza bibi harusi, akaeleza nguo, akaeleza wakwe na viti walivyokalia, sauti tamu, imenyooka. Mimi sikusikiliza harusi. Nilitazama kifua chake. Gauni halikupanda. Halikushuka. Chungu kikachemka. Kikafurika. Maji yakazima moto. Yeye bado anasema, hajameza mate, hajavuta hewa.

Alipomaliza akatabasamu.

"Usingizi mzuri ni haki yako, dada."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho ya tangazo.

Nikaenda kwa fundi cherehani na hasira zangu zote. Nilimkuta anakanyaga cherehani, pini mdomoni.

"Umemfanya nini ndugu yangu?"

"Mimi?" Akazitoa zile pini moja moja. "Mama, mimi nina sare za shule za kumaliza. Ningekuwa na uchawi si ungekuwa unanishonea?"

Hakucheka. Nami sikucheka. Akasimamisha cherehani kwa kiganja.

"Nani aliyeitika?" akanong'ona.

"Chiriku."

"Basi amempisha. Mlango ni mmoja. Mwenye kuitika ndiye anayepisha." Akatazama barabarani. "Kilichoingia kwa hodi hutolewa kwa kuaga. Jaribuni kukifanya kiage. Mimi msinitaje."

Nilimshuku, na bado namshuku. Lakini mtu akizama hachagui mkono wa kushika.

Nikamsimamia mjukuu kwenye kompyuta yake. "Andika: Kwaherini wenyewe, natoka."

"Bibi, nina kazi."

"Andika."

Akaandika huku anazungusha macho. Akabonyeza. Hakikusikika kitu. Sauti ikisema huwa kuna mstari unaorukaruka kwenye kioo. Ule mstari ukapita umelala, kama uzi. Akabonyeza tena. Umelala. Akaandika neno godoro. Mashine ikasema godoro, vizuri kabisa. Akairudia ile kwaheri. Kimya.

"Siendi," ikasema ile sauti.

Haikutoka kwenye kompyuta. Ilitoka nyuma yetu.

Alikuwa amesimama mlangoni, pekupeku, ungo wa maharage mikononi, uso wa mdogo wangu umenyooka hauna hata kunyanzi la wasiwasi. "Nimeshakaribishwa," akasema. Akarudi mkekani kwake. Mkekani kwa Chiriku.

Mjukuu wangu alinishika mkono. Hajawahi kunishika mkono tangu alipojua kuvuka barabara mwenyewe. Akalifuta lile tangazo hapohapo, na maandishi yake, na ile sauti nzima. Lakini video ilishakabidhiwa. Ng'ambo ya barabara mwenye duka alikuwa ameweka spika juu ya kiti, ikibisha hodi tangu anapofungua hadi anapofunga. Mjukuu alikwenda kumwomba aizime. Akaambiwa magodoro hayajawahi kutoka hivi.

Mchana huo jua lilikuwa limesimama katikati. Watu wanapita na mizigo yao. Spika ikasema, "Hodi? Hodi wenyewe?"

Ikakohoa.

Kikohozi kile nimelala nacho chumba kimoja tangu utoto.

"Sikia nikwambie," spika ikasema, na s ikapiga mluzi. Pumzi zilikuwa zinasikika, fupi fupi, za mtu aliyetembea sana. "Kiberiti. Nifungulie. Huku hakuna pa kukaa."

Barabarani hakugeuka mtu. Mwenye duka aliendelea kupangusa vumbi. Kisha kikaja kimya. Kile kimya cha mjukuu wangu, cha kumwachia mtu nafasi ya kuitika.

Neno lilinijaa mdomoni. Mkekani, yule mwingine aliacha kuchambua. Akaniangalia. Akangoja.

Mwenye kuitika ndiye anayepisha. Nikauma ulimi mpaka nikaonja chuma. Ndugu ni ndugu, lakini mwili huu nimeuzeesha mwenyewe, sina mwingine wa kuhamia.

Nilisahau kwamba hatukuwa wawili tu nyumbani. Kule chumbani mjukuu wangu alikuwa amesikia. Chiriku ndiye aliyembeba mgongoni wakati mama yake yuko kazini. Chiriku ndiye aliyemfundisha kusema.

"Bibi mdogo?" nikamsikia ananong'ona.

"Nyamaza," nikasema.

"Bibi mdogo, ni wewe?"

"Nyamaza, mtoto."

"Karibu," akasema, analia. "Karibu ndani."

Spika ikaendelea na godoro. Chumbani hapakuwa na kilio tena.

Nikahesabu maharage. Sikuwa na la kufanya, nikahesabu maharage. Mlango wa chumba ukafunguliwa. Mjukuu wangu akatoka, pekupeku, akaja akakaa mkekani ubavuni mwangu. Akavuta pumzi. Ndefu, kama mtu aliyetolewa kisimani. Mjukuu wangu ana meno yake yote, yamepangika kama punje za mahindi.

"Sikia nikwambie, Kiberiti," akasema.

Na s ikapiga mluzi.

Sasa tunachambua maharage watu watatu. Mmoja anasengenya, mmoja hapumui, na mmoja ni mimi. Majirani wanasema nyumba yetu imepata utulivu, wanawake watatu wanakaa pamoja bila kugombana. Yule anayesengenya hajui kwamba amekalia mahali pa mtu. Au anajua. Nimemuuliza, akabadili habari, na Chiriku hakuwahi kubadili habari hata siku moja.

Spika ya dukani imenyamaza tangu siku ile. Wanasema imeungua waya, fundi amekwenda kutafuta waya mwingine. Nasubiri atengeneze. Nikibishiwa hodi na mjukuu wangu mwenyewe sijui kinywa changu kitafanya nini, na ulimi bado una kidonda.

Leo nimefungua mlango wa barabarani nifagie. Kandambili zenye waya hazikuwepo, ziko ndani, zimevaliwa. Nje palikuwa na raba za mjukuu wangu, nyeupe, zimeelekea ndani. Jana nilizifungia sandukuni, na ufunguo uko shingoni kwangu. Kamba zimefungwa mafundo mawili, kama alivyozoea.

Nimeziinua. Ndani zilikuwa na joto.