Nafasi Katika Safu ya Pili

Picha iliyoinama ilikuwa ya binti yake mwenyewe. Mama huyo, fundi wa tovuti, alikuwa akiitengenezea ukurasa shule ya chekechea anakosoma mtoto: picha kumi na mbili za watoto, safu tatu, zote wima. Asubuhi ile moja ya safu ya pili ilikuwa imelala upande kidogo, digrii tatu hivi. Akapekua msimbo, maandishi ya amri yanayoupanga ukurasa. Amri ya kuinamisha ilikuwepo, ila si yeye aliyeiandika. Akaifuta.

Mchana mtoto alikula huku kichwa kimelala upande.

"Shingo inauma?"

"Haiumi."

"Analala hovyo kama babu yake," mumewe akacheka. "Mnunulie mto."

Kesho yake picha ilikuwa imesogea kulia, imepanda juu ya picha ya jirani. Ilipotoka palibaki wazi. Hilo halikumshangaza, amri za namna ile husogeza kitu machoni tu, nafasi yake hubaki kuwa yake, na picha nyingine haziingii humo. Kilichomshtua ni harufu ya nywele zilizolowa iliyotoka kwenye skrini, na ule uwazi, uliopaswa kuwa mweupe tu, kuwa na ukungu, kama kioo kinachopumuliwa kwa karibu.

Mezani mtoto alikalia ukingo wa kiti, nusu yake hewani.

"Kaa katikati, mama, utaanguka."

"Hapa pana mtu," akanong'ona.

Safari hii baba mtu hakucheka. "Ifute hiyo picha. Kabisa."

"Nikiifuta, wenzake watasogea wajaze. Hatakuwa na pa kurudi."

"Basi fanya unalojua, mke wangu. Ila sasa hivi."

Akarudi kwenye kompyuta, akafuta amri moja huku nyingine zikijiandika chini yake, za kusogeza, za kupindisha, za kukuza, na kila alipofuta alisikia kiti kule mezani kikikwaruza sakafu, mpaka akaandika neno moja la kuzitangua zote, akabonyeza, na picha ikarudi mahali pake, wima, ikaufunika uwazi wote.

Akakimbilia mezani. Mtoto alikuwa katikati ya kiti, shingo imenyooka.

"Umeona?" mumewe akahema. "Kakaa vizuri."

Mama aliinama kutazama kiti. Kati ya mapaja ya binti yake na kiti palikuwa na shubiri nzima ya hewa tupu, naye ameegemea nyuma kwa raha, miguu ikining'inia, kama mtoto aliyepakatwa.