Kiti Hakipandi Juu ya Kuni

Mwajabu alikuwa na safari nyingi, na zote alizifanya dirishani. Kila asubuhi, nyumbani kwake Temeke, alisukuma kiti chake cha magurudumu hadi penye mwanga, akasuka ukili wa mikeka. Vidole vilisuka, macho yakaondoka. Yalifuata barabara ya Morogoro, yakapita mashamba ya mihogo, yakafika Kibamba kwa binti yake Tabu. Katika ndoto hizo za mchana hakuna mtu aliyembeba.

Miguu yake haikufanya kazi tangu ukuta wa jiko ulipomwangukia, mwaka 1949. Kiti alipewa hospitali.

Mume wake, Mfaume, alikuwa dereva wa lori la kuni. Alimpenda mkewe, tusimwonee. Tatizo lilikuwa heshima zake. Wakisafiri, alimbeba Mwajabu mikononi akamketisha mbele kama bibi arusi. Kiti alikitupia juu ya kuni, akakifunga kamba kwenye gurudumu.

Mwaka uliopita walikwenda hivyo arusini Manzese. Walipofika, gurudumu lilikuwa limepinda, kiti hakiendi. Mfaume akambeba mkewe hadi barazani, akakomea hapo, kwa sababu uani kulikuwa na wanawake na mwanamume hapiti. Wanawake nao walijaribu kumwinua, wakaogopa kumwangusha. Basi Mwajabu alikaa kutwa barazani, peke yake kati ya wanaume, akisikia vigelegele nyuma ya ukuta. Aliona aibu kubwa. Gurudumu lilinyooshwa baadaye, lakini tangu siku hiyo hakusafiri tena.

Sasa Tabu alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza. Siku ya arobaini mtoto angetolewa nje, na Tabu alitaka atolewe na bibi yake.

"Safari hii nitakubeba vizuri zaidi," Mfaume alisema.

"Mie si gunia, baba Tabu. Nikifika bila kiti changu, sijafika."

Mfaume akatoka. Alikwenda kwa jirani yao Didas, seremala kutoka Bukoba. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Didas alitengeneza magari ya kubebea majeruhi. Alikuja, akamwamkia Mwajabu shikamoo, na kabla ya kuligusa lori akamwuliza yeye anatakaje. Mfaume alishangaa. Miaka minne yote, swali hilo hakuwahi kumwuliza mkewe.

Mwajabu alisema anataka kupanda akiwa kitini, kutazama mbele, na kushuka bila kubebwa.

Mfaume akasema kiti kikae kwa ubavu nyuma ya lori, ili kuni nazo zipate nafasi. Mwajabu akamtazama kidogo, akamwambia akae yeye kwanza. Mfaume akacheka, akakipandisha kiti kwenye lori, akakikalia. Kiti kikafungwa kamba kwenye magurudumu, kama alivyozoea kukifunga. Didas akaendesha polepole hadi kwenye kona ya kwanza. Kiti kikainuka upande mmoja, na Mfaume akang'ang'ania ubao wa lori kwa mikono miwili. Lori liliposimama akashuka. Habari ya kuni hakuitaja tena.

"Sasa nieleze," alimwambia Didas.

"Kiti kitazame mbele," Didas alisema. "Kamba nne, mbili mbele, mbili nyuma. Tunafunga kwenye chuma cha kiti, kwa sababu gurudumu linazunguka na kupinda. Na mama mwenyewe afungwe mkanda nyongani. Siku hiyo, kuni zibaki nyumbani."

Didas alikaza pete nne za chuma kwenye sakafu ya lori. Kisha akatengeneza daraja la mbao la kupandia lorini, refu, lenye kingo pembeni ili gurudumu lisiteleze. Alieleza kwamba daraja fupi huwa na mwinuko mkali, na kiti kinaweza kupinduka. Ndiyo maana lori litarudishwa nyuma hadi kwenye tuta la udongo kando ya barabara, ili mwinuko upungue. Alichonga pia ubao mdogo wa kuvukia vizingiti vya milango. Kila jioni walifanya mazoezi. Mwajabu alisukuma magurudumu, Mfaume akamkinga kwa nyuma, Didas akakagua kamba.

Siku ya arobaini waliondoka mapema. Mwajabu alikaa kitini nyuma ya lori, upepo ukimpiga usoni, barabara yake ya dirishani ikipita kweli. Ilikuwa na vumbi kuliko ile ya ndotoni. Alilia kidogo, kwa furaha, na hakujali nani anamwona.

Kibamba lori lilitafuta tuta, daraja likawekwa, naye akashuka na kiti kizima. Mlangoni wifi yake Tabu akatandika ule ubao mdogo. Mwajabu akavuka, akaingia uani, na vigelegele vikaanzia mlangoni.

Wakamfunga mtoto kifuani pake kwa kanga, ili mikono yake ibaki huru. Akatoka naye nje kuizunguka nyumba, wanawake wakimfuata.

Mfaume alikuwa barazani na wanaume. Alipomwona anakuja, alisimama kwa mazoea na kunyoosha mikono yake. Mwajabu akatikisa kichwa, akitabasamu. Mfaume akaketi. Akawatazama wakipita, mkewe na mjukuu wake, mpaka wakakata kona ya nyumba.