Mguu Kwenye Breki

Rafiki yangu, dereva wa mashindano mwenye kitambi kama changu, aliumbuka mbele ya mkewe. Breki mpya za mbele alizifunga kinyume, ya kushoto kulia na ya kulia kushoto, na hewa ikagoma kutoka kwenye mirija ya mafuta ya breki. Mkewe alicheka mpaka machozi. Lakini mbio zilikuwa kesho, na bila breki kona ya kwanza tu ingemmaliza.

Akazifunga upya. Mkewe akakaa kwenye kiti cha dereva, yeye akalala sakafuni kando ya gurudumu. Mvua ilikuwa imewafungisha mlango wa gereji. Mara umeme ukakatika, giza likawa totoro.

“Kanyaga, mama watoto!”

Pedali ikalia kwiii. Rafiki yangu akapapasa, akalegeza nati ya kutolea hewa, mafuta yakatoka na mapovu, akakaza.

“Achia!”

Tup.

Mara kumi hivyo, kwiii, tup, bila kukosea. Ila kicheko cha mkewe kilikuwa kimekatika, na gari lilitetemeka kama mtu mwenye homa. Nywele zikamsisimka.

“Leo umekanyaga kama fundi,” akajikaza kusema. “Mbona kimya?”

Mkewe akanong'ona, “Msifu huyo anayekanyaga. Mimi miguu nimeipandisha kitini tangu taa zilipozimika.”