Jioni Ambayo Sumaku Haikupita

Kila jioni mama yake Chiriku alipozima pasi na kufunika cherehani, ilibaki kazi moja, na kazi hiyo ilikuwa ya Chiriku. Alichukua sumaku nzito iliyotolewa kwenye spika kuukuu, ikafungwa kamba, akaiburuta polepole juu ya sakafu ya chumba cha mbele. Alianzia kando ya ukuta, akapita chini ya meza ya kukatia vitambaa, akazunguka miguu ya cherehani, akamalizia chini ya mkeka. Pini zilizodondoka mchana zilirukia sumaku kwa mlio mdogo, naye akazibandua na kuzirudisha kwenye kopo.

Ufagio peke yake haukutosha. Sakafu ilikuwa ya saruji iliyopasukapasuka, na pini ikishaingia kwenye ufa, ufagio hupita juu yake. Mama alikuwa fundi wa nguo za wanawake. Chumba chake cha kushonea ndimo walimokula, ndimo walimopokelea wageni, na ndimo alimotambaa Bwana Mdogo. Huyo alikuwa kitinda mimba wa nyumba. Walimpa jina hilo kwa sababu hakujua kusema bado, lakini alijua kunyoosha kidole na kuagiza aletewe kila alichokiona. Asicholetewa alikifuata mwenyewe, na alichokifikia alikitia mdomoni.

"Mteja akichomwa na pini atanisema, nitamwomba radhi, yataisha," mama alizoea kueleza. "Huyu hajui kusema. Atameza tu."

Chiriku naye aliitwa hivyo kwa wingi wa maneno. Mwalimu wake aliwahi kusema kwamba siku Chiriku atakaponyamaza, atamtafutia daktari.

Jioni moja mama alikwenda kumpelekea mteja gauni. Baba, ambaye alikuwa mwokaji mikate na aliamka alfajiri, alikuwa amelala chumba cha ndani pamoja na Bwana Mdogo. Mwanagenzi wa mama, binti mwembamba aliyeitwa Dada Uzi, aliyekuwa akijifunza kushona hapo kwenye cherehani ya pili, alikuwa ameshakwenda kwao. Nje, wenzake Chiriku walikuwa wanashindana kuruka kamba na watoto wa mtaa wa pili.

"Bibi Sumaku," mmoja wao akaita dirishani, "unatoka au tukuletee posa humo humo?"

"Natoka. Nina kazi kidogo."

"Wenzako tunapigwa huku, wewe umekaa unavua pini kama samaki. Ukiwapata wawili watatu utuletee tukaange."

Wote wakacheka. Chiriku akaitazama sakafu. Ilionekana safi. Akaitundika sumaku kwenye msumari wake, akatoka mbio.

Mama aliporudi alimkuta amekaa mezani na daftari la shule.

"Sumaku imepita?"

"Imepita, mama."

"Ahsante, mwanangu."

Hakuuliza zaidi. Hakuwahi kuwa na sababu ya kuuliza zaidi.

Siku iliyofuata, Chiriku akirudi kutoka shule, alisikia kilio kabla hajafika mlangoni. Bwana Mdogo alikuwa mapajani kwa mama, shingo ameinyoosha, mate yanamtiririka mpaka kifuani. Kila aliposogezewa kikombe alikisukuma. Dada Uzi alikuwa amesimama kando ya cherehani, utepe wa kupimia mkononi.

"Nilimpa ganda la mkate, fundi," alisema. "Dogo tu. Alikuwa analililia."

"Mtoto hata meno hayajatimia, unampa ganda kavu?"

"Juzi ulimpa wewe mwenyewe, nikaona anakula vizuri."

"Mimi ni mama yake. Wewe ni nani wake?"

Dada Uzi alionyesha mkeka kwa mkono. "Fundi, alilimaliza lile ganda. Akashuka, akacheza pale mkekani muda mrefu, ndipo akaanza kulia. Labda si mkate."

"Basi ni nini? Upepo?"

Chiriku aliutazama mkeka. Akafungua mdomo. Lakini mama alikuwa anafoka, na Chiriku hakuwahi kumwona akimfokea mtu namna ile. Akaufunga.

"Nimekupa kazi, nimekupa na mtoto wangu umwangalie," mama aliendelea. "Unaona nimeinama cherehani, unamshindilia makombo ili anyamaze. Chukua mkoba wako. Kesho usije."

Dada Uzi alikunja utepe, akauweka juu ya meza ya kukatia, akachukua mkoba. "Kwaheri, fundi," alisema. Mama alikuwa ameshamfunika Bwana Mdogo kanga, tayari kutoka.

Mama na Chiriku walimpeleka Bwana Mdogo kwenye zahanati ya jirani. Tabibu alimbana ulimi kwa kijiti, akammulika kooni kwa tochi, akatazama kwa makini. Hakuona kitu ila wekundu kidogo.

"Nyumbani kuna vitu vidogo vidogo anavyoweza kuokota?" aliuliza. "Vifungo, betri za saa, pini?"

"Mimi ni fundi wa kushona, daktari, pini ninazo," mama alijibu. "Lakini kwangu sakafu hupitishwa sumaku kila jioni. Hakuna siku inayorukwa." Alisema kama mtu anayetaja kazi yake nzuri. "Ni kazi ya binti yangu huyu. Au siyo?"

Tabibu akamgeukia Chiriku.

"Ndiyo," Chiriku alisema.

"Wazazi wote wangekuwa kama wewe, sisi tungefunga milango," tabibu alisema, akaandika dawa ya maji. "Ganda limemkwaruza koo. Koo litapona lenyewe. Mpeni vitu laini."

Swali lile lilikuwa na maana kuliko dawa ile. Lilijibiwa vibaya, na jibu likakubaliwa kwa sababu aliyelitoa alikuwa analiamini.

Kesho yake Bwana Mdogo alikuwa na homa. Maziwa yalirudi yalikotoka, na dawa pia. Mama alipokuwa nje akianika nguo, Chiriku alichukua sumaku, ambayo jana yake pia haikupita kwa ajili ya safari ya zahanati, akaiburuta chini ya ukingo wa mkeka. Pini mbili zikaruka na kunasa. Zilikuwa zile zenye vichwa vya rangi, moja nyekundu na moja ya buluu, zinazong'aa kama peremende. Akazitia koponi haraka. Akajiambia kwamba kama pini zimo sakafuni, basi hakuna iliyomezwa. Alijua kuwa maneno hayo hayana maana. Pini zilizobaki haziwezi kueleza habari za ile isiyokuwepo.

Mchana baba alirudi kutoka kazini na mkate wa moto kwapani. Alichuchumaa mbele ya mwanawe.

"Bwana Mdogo, leo huniagizi kitu? Nimeshakuwa mtumishi bila kazi?"

Mtoto hakunyanyua kidole. Baba akamfuta mate kwa ukingo wa shati, na alipolitazama shati akaona mstari mwembamba wa damu.

"Mama," Chiriku alisema. Sauti yake ilitoka ndogo. "Juzi sumaku haikupita."

"Unasemaje?"

"Sikuipitisha. Nilikwenda kuruka kamba."

"Uliniambia imepita."

"Nilidanganya."

"Na jana, kwa daktari?"

Chiriku aliinamisha kichwa.

"Nijibu kwa mdomo."

"Na jana pia nilidanganya."

Baba aliuweka mkate chini na kusimama, mkono juu. Lakini mama alikuwa ameshamnyanyua Bwana Mdogo na kumkaza begani. "Hilo baadaye," alimwambia mumewe. "Tafuta gari."

Kwenye hospitali kubwa walimpiga mtoto picha ya eksirei. Daktari, mwanamke mwenye sauti ya chini, aliiinua picha kwenye mwanga wa dirisha. Pini ilionekana wazi, mstari mweupe katikati ya kiza. Ilikuwa imekwama ndani ya umio, ile njia ya kupitishia chakula, chini kabisa ambako tochi haiwezi kufika.

"Hii haikuingia leo," daktari alisema. "Umio umevimba na umeanza kutunga usaha. Huko zahanati hamkuulizwa kama kuna pini nyumbani?"

"Tuliulizwa," mama alisema. "Mimi ndiye niliyejibu kwamba haiwezekani."

"Kwa nini ulijibu hivyo?"

"Nilikosea."

Chiriku alikuwa amesimama nyuma ya mama yake, akasikia kila neno. Alingoja mama ageuke na kumwonyesha kwa kidole. Mama hakugeuka.

Mtoto alilazwa usingizi kwa dawa, wakampitishia mpira mwembamba mdomoni, pini ikatolewa. Ilikuwa na kichwa cha kijani. Kidonda hakikutolewa pamoja nayo. Bwana Mdogo alibaki wodini, akilishwa kwa mrija uliopita puani, na mama alibaki naye. Wateja waliochoka kungoja walikuja kuchukua vitambaa vyao vikiwa vimekatwa tu. Baba aliwafungulia mlango na kuwaomba radhi. Kwa Chiriku hakusema kitu, na mkono wake haukunyanyuka tena. Chiriku alitamani unyanyuke, yaishe.

Bwana Mdogo aliporudi nyumbani alikuwa mwepesi kama kapu tupu, naye alikiogopa kijiko. Kila kiliposogea alifumba mdomo na kugeuza uso. Alikula kwa mkono wa mama tu, kidogo kidogo, akilia. Jioni ya kwanza Chiriku alinyoosha mkono kuchukua sumaku msumarini.

"Acha," mama alisema, akaichukua mwenyewe.

Jumamosi iliyofuata mama alimwambia avae viatu. Walikwenda kwa Dada Uzi. Nyumbani kwao wakaelekezwa mgahawani karibu na kituo cha mabasi, na huko wakamkuta uani, amechuchumaa, anasugua sufuria iliyo kubwa kuliko yeye. Vidole vyake, vilivyokuwa hodari kwa pindo nyembamba, vilikuwa vimechubuliwa na majivu na sabuni.

"Karibu, fundi," alisema bila kusimama. "Mtoto hajambo?"

"Anapona. Ilikuwa pini." Mama akamsukuma Chiriku mbele kidogo. "Sema."

Chiriku alisema yote: kamba, sumaku, uongo wa nyumbani na uongo wa zahanati. Alisema kwamba siku ile alijua ganda la mkate huenda halina kosa, akanyamaza.

Dada Uzi aliendelea kusugua mpaka alipomaliza kusikia. "Na mimi nilikushika mkono siku ya kwanza ulipojifunza kutia uzi kwenye sindano," alisema.

"Nimekuja kukuomba radhi na kukurudisha," mama alisema. "Cherehani ya pili ni yako."

"Radhi nimeipokea. Kurudi, hapana."

"Binti yangu, huwezi kubaki hapa."

"Kubaki hapa sikupenda, fundi. Nilikwenda kwa mafundi wengine. Kila nilipobisha hodi, habari ilikuwa imeshafika mbele yangu: huyu ndiye aliyemkaba mtoto wa mwenzetu kwa mkate. Nani ampe kazi mtu kama huyo? Tena nikirudi kwako, siku chai ikimwagika utanitazama mimi kwanza."

Mama alimshika binti yake mkono. Kisha akasema, "Twende, Chiriku."

Asubuhi ile walizunguka kwa mafundi wote wa mtaa. Kwenye kila mlango mama alisalimia, akaeleza kwamba alimfukuza mtu bila kosa, kisha akamwachia Chiriku amalizie. Mlango wa mwisho haukuwa rahisi kuliko wa kwanza. Fundi mmoja aliendelea kushona kama hasikii. Mwingine alisema, "Kumbe ndiwe uliyedanganya," akawasogeza watoto wake upande wa pili. Mshonaji wa suti, mzee mwenye miwani iliyofungwa waya, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja tu: kama binti huyo anajua kushona kola. Mama akamjibu kwamba anashona kola kuliko yeye mwenyewe.

Kabla mwezi haujaisha Dada Uzi alikaa kwenye cherehani ya mzee huyo. Chiriku alipompitia njiani kwenda shule alimwamkia, naye aliitikia. Hakumwita ndani, wala hakumtania kama zamani.

Siku ya kwanza alipoitikiwa hivyo, Chiriku alirudi nyumbani akamkuta mama anapiga pasi. Bwana Mdogo alikuwa amelala.

"Mama, sasa yameisha?"

"Mtoto anakula. Dada Uzi ana kazi. Hayo yameisha." Mama aliisimamisha pasi. "Kaa chini nikuambie ambayo hayajaisha. Kuacha kazi siku moja ni kosa dogo. Ungeniambia hukuipitisha, ningekukaripia, ningeipitisha mwenyewe, tungekula tukalala. Uliponiambia imepita, nililichukua neno lako nikalifanyia kazi. Nilimweka mtoto sakafuni kwa neno hilo. Nilimfukuza mtu kwa neno hilo. Nilimpa daktari neno hilo hilo, naye akaandika dawa juu yake. Mtu anayekushuku atakagua kabla ya kufanya lolote. Anayekuamini hakagui, na ndiye utakayemuumiza zaidi ukimdanganya. Hata mimi nina kosa langu. Nilimhukumu mwenzangu kwa hasira, kabla sijachungulia chini ya mkeka wangu. Hilo nitalibeba mwenyewe."

Chiriku aliitazama sumaku msumarini. "Utaniamini tena lini?"

"Sijui," mama alisema. Hakuwa na ukali, wala hakulainisha sauti. "Si kitu ninachoweza kukupa kwa sababu umeomba. Nitakagua kila utakaloniambia, mwanangu, mpaka siku nitakapojikuta nimesahau kukagua."