Kichochoro cha Nyuma ya Kinu

SAA NANE MCHANA, BUTEMBO

Ndani ya karakana ya kuchomelea vyuma, mtaani Mususa, Zorobabel alitandaza mezani ramani ya Bungulu, mtaa wa Beni wenye depo ya kakao waliyotaka kuiba. Alikuwa mwalimu wa hesabu chuoni; wanafunzi walimwita Assistant. Syauswa, mkubwa wa genge, ndiye mtu wa kwanza kuitaka hesabu yake ifanye kazi. Kwa hilo tu alikuja, na aliona haya kulikiri.

"Njia panda kumi na nne," alisema. "Barabara ishirini na tatu. Kila barabara, mutu wetu aione hata ku ncha moja."

"Batu ba kulinda niko nabo saba," Syauswa akajibu.

"Kompyuta nayo ilianza na saba, chef. Lakini iliweka nusu mutu ku kila njia panda. Nikaikatalia: mutu akuwe muzima, ao asikuwe. Ikasema munane."

"Munane hapana. Toa njia moja."

Kompyuta ikaacha kichochoro cha nyuma ya kinu. Zorobabel alikijua kichochoro hicho. Chuo kilikuwa likizo. Abigaïl, mwanafunzi wake, alikuwa kwao Bungulu, na alishamweleza kwamba kila asubuhi hupita humo kumpelekea chakula baba yake, Kahongya, mlinzi wa depo ya kakao.

Angeweza kutafuta njia nyingine ya kuacha. Lakini Syauswa alikuwa anamtazama kwa heshima.

"Ni hii," akasema. "Haipitake mutu."

KESHO YAKE, SAA MOJA NA DAKIKA KUMI ASUBUHI, BENI

Simu saba zikajibu: njia safi. Kahongya alilala kifudifudi mlangoni pa depo, mikono kambani. Magunia ya kakao yakapanda Fuso, Zorobabel akiyahesabu.

SAA MOJA NA DAKIKA ISHIRINI NA MBILI

Abigaïl akatokea kichochoroni, sufuria mkononi.

"Assistant? Unafanya nini hapa?"

Syauswa akainua bunduki. "Unamujua?"

"Hapana," Zorobabel akasema. "Simujue."

"Kimbia, mama!" Kahongya alimpigia binti yake kelele, akajirusha na kamba zake miguuni pa Syauswa.

Risasi moja. Genge likaruka garini. Fuso ikaondoka.

Zorobabel alibaki. Alipiga magoti, akavua shati, akalibana jeraha la Kahongya.

"Usimuguse," Abigaïl akasema. Hakupaza hata sauti.

Kahongya alikata roho njiani kwenda hospitali.

SAA TATU, BUREAU YA POLISI

"Njia zote mulilinda," afisa akasema. "Ile moja, juu ya nini mukaiacha?"

"Kompyuta ndiyo..."

Abigaïl alikaa kwenye benchi, damu imekauka kwenye kitenge chake. Alikuwa anasikiliza.

Zorobabel akainamisha kichwa.

"Ni mimi. Nilijua anapitaka pale."