Mkandaji wa Alasiri

Shadya alishika mimba yake ya kwanza akiwa na miaka arobaini na mitatu, na akaificha kama watu wanavyoficha maradhi. Miaka ishirini ya ndoa alikuwa amesemwa vya kutosha. Aliogopa kijicho, basi majirani zake wa mtaa wa Usagara akawaambia anaumwa figo, akajifungia ndani na madira yake mapana. Mumewe Idarusi, karani kule mpakani Horohoro, alirudi Ijumaa kwa Ijumaa, naye alikuwa ameapishwa asifungue mdomo.

Kliniki, nesi Ritha alimbonyeza mguu uliovimba, kishimo cha kidole kikabaki. Akamwagiza apunguze chumvi, alalie ubavu wa kushoto, ainue miguu kwenye mito, na kila jioni ahesabu mateke ya mtoto: yasipungue kumi kwa saa mbili. Yakipungua, au kichwa kikiuma na macho yakaona vimulimuli, asingoje kesho.

"Na usikae peke yako, dada," akaongeza.

Shadya akaitikia tu. Nyumba nzima ilikuwa yeye na feni.

Jumatatu, baada ya sala ya alasiri, ikapigwa hodi. Alikuwa bibi mmoja mwembamba, kajitanda kanga hadi machoni. Alijitaja Bi Hasina wa Kigombe, kaja kumkanda miguu. Shadya akamwamkia shikamoo, akadhani Idarusi kamhurumia, kamtumia mtu. Hakuuliza zaidi. Tangu Idarusi aondoke hakuwa ameongea na binadamu.

Mikono ya bibi ilikuwa ya baridi. Mafuta ya nazi yakanukia, maumivu yakaisha. Jioni ile mateke yalikuwa manane. Jumanne sita. Jumatano matatu. Shadya aliyahesabu, akajua yamepungua, na bado akaitamani hodi ya kesho yake. Hilo ndilo lililomuuma baadaye kuliko yote.

Alhamisi kichwa kilimgonga tangu asubuhi. Alasiri bibi yuko miguuni pake, anakanda, na vimulimuli vinacheza machoni. Simu ikaita. Idarusi. Shadya akamshukuru kwa mkandaji.



"Mkandaji gani?" Idarusi akanong'ona. "Mimi sijatuma mtu. Zaidi ya nesi, hakuna anayejua una mimba."

Mikono ikasimama. Kisha ikapanda. Kifundoni. Gotini. Bibi hakuinua uso.

"Bado kidogo," akasema taratibu. "Huyu nimemngoja muda mrefu kuliko wewe."

Tumbo likatulia. Hakuna teke. Hakuna chochote. Shadya akageukia dirisha, akaitoa siri yake kwa sauti yote aliyokuwa nayo: ana mimba, mtoto anamfia tumboni, waje.

Imakulata wa nyumba ya pili, muuza mihogo ya kukaanga, ndiye aliyefika kwanza. Mlango ilibidi wauvunje. Ulikuwa umekomewa kwa ndani. Walimkuta peke yake. Na siku zote nne Imakulata alikaa na karai lake akiutazama mlango ule, hakuona mtu akiingia.

Hospitali, madaktari walimpasua jioni ileile, presha iko juu. Mtoto wa kike, mzima. Majirani wakajaa wodini na uji wa pilipili manga, wakimtania kama hiyo ndiyo figo yenyewe. Shadya akacheka, akalia.

Wiki ya tatu miguu yake ilinywea, vishimo vyote vikajaa. Lakini kwenye vifundo vya mtoto vipo vishimo vya vidole, vitano huku, vitano huku, na havijai. Nesi Ritha amevitazama mara tatu. Na kila alasiri mtoto huacha kulia, akanyoosha miguu kuelekea mlangoni, akangoja.